Mpira Alioushika Fredrick

Ohio, 8 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mie mzima, mafua kidogo tu. Habari za nyumbani Wazo? Mdogo wangu Hope anaendeleaje na shule?

Mama, nimepata namba! Si kwenye soka, ni ule mpira wao wa kushika mikononi, umechongoka ncha zote mbili. Kazi yangu ni moja. Timu ikikwama karibu na goli naingia, rafiki yangu Fredrick anapiga goti na kuusimamisha mpira chini kwa kidole, napiga upite kati ya nguzo mbili, tunapata pointi tatu. Kisha natoka. Nikiishika namba mpaka msimu uishe, chuo kitanisomesha bure hadi nimalize.

Mwanao,
Eliaichi

Wazo, 15 Septemba 2024

Marahaba, baba. Sie wazima, vumbi tu. Mafua hayo unayanywea nini?

Kwa hiyo unapiga mara moja halafu unakwenda kukaa? Haya. Nimeshawatangazia walimu wote ofisini. Kula ushibe.

Mama yako

Wazo, 21 Oktoba 2024

Eliaichi mwanangu,

Hujambo? Wiki mbili simu hupokei. Hope amenionyesha video ya mechi: dakika ya mwisho, mpira ukapita pembeni, mkafungwa. Halafu tukasoma mashabiki wanavyokutukana mtandaoni. Hope akalia. Mie nikaenda kusahihisha madaftari, nikajikuta nimeweka vema kila jibu, mpaka ya waliokosa.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

Ohio, 24 Oktoba 2024

Shikamoo mama. Nisamehe.

Nakwambia wewe tu. Fredrick aliuachia mpira kabla mguu wangu haujaufikia, ukalala. Video ilichukuliwa upande wa pili, hakuna aliyeona. Kocha aliponiuliza nilimtazama Fredrick, akainamisha kichwa. Nikasema, "Nimekosea mimi." Sasa anapiga mwingine, na Fredrick ananikwepa. Nikisema, namba yake imekwisha. Nisiposema, yangu ndiyo basi. Nifanyeje?

Mwanao

Wazo, 27 Oktoba 2024

Baba, pole sana. Umekula leo?

Nilikasirika. Niliandika barua nzima ya kukutaka umtaje, nikaifuta. Uso wake umeuona wewe, mie sijauona. Ukisema, sitakulaumu. Ukinyamaza na chuo kikakushinda, rudi, tutaanza tena hapa hapa.

Ila msikwepane. Mwite umpikie wali na maharage ya nazi. Usimwulize kitu.

Mama yako akupendaye

Ohio, 17 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nazi ya kopo, lakini alikula sahani mbili. Sikumwuliza. Alipokuwa anaosha vyombo akasema, "Eliaichi, kwa nini hukunitaja?" Nikamjibu, "Nilijua utasema mwenyewe." Kusema kweli, mama, sikuwa najua.

Kesho yake akasimama mbele ya timu nzima, akasema.

Kocha alinirudishia namba, akamweka Fredrick benchi. Jana ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Sekunde nne zimebaki, tuko nyuma kwa pointi mbili. Kocha akaniita.

"Nani akushikie?"

"Fredrick."

"Una hakika?"

"Bila yeye sipigi."

Aliingia akitazama nyasi tu. Nikamwambia, "Vuta pumzi, mie nakusubiri." Uwanja mzima unapiga kelele, nasi tumesimama tu. Kisha akanitikisia kichwa.

Mpira ulipita katikati, mama. Wenzangu wakanirukia, nikawasukuma, nikageuka kumtafuta. Alikuwa bado amepiga goti palepale, kidole chake kimegusa nyasi.

Mwanao,
Eliaichi