Umri Usiozidi Tisini na Tisa

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Miguu ya Bibi imepungua kuvimba, anakula vizuri, na utani wake haujapungua hata chembe: mimi bado ni mke mwenzake, na wewe bado ni mume wake aliyemkimbia.

Kazi yangu ni ileile. Niko mapokezi ya hospitali ya macho, na ile fomu ya kompyuta uliyotutengenezea ndiyo inayonilisha na kunitesa. Makarani wamenibandika jina, Fundi Kosa. Mtu akitokewa na maandishi mekundu kwenye skrini, ananiita kwa kelele nami nakimbia. Maandishi yenyewe ni maneno mawili tu, kaka: Taarifa batili. Taarifa ipi? Batili kwa nini? Haisemi. Mimi nimejifunza kwa kubahatisha, kwamba mara ni nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina, mara ni tarehe iliyotangulizwa mwezi. Foleni ikiwa ndefu makarani hata hawaniiti. Wanafuta, wanapunguza, mpaka wekundu uondoke, basi, wanahifadhi.

Kuhusu umri nilikuandikia mapema. Nilikueleza kwamba kisanduku kile kinakataa tarakimu tatu. Ukanijibu kwa kicheko, eti nani anafika huko, na kwamba anayefika ana shida kubwa kuliko macho. Nilicheka pia, nisikudanganye.

Haya, sikiliza. Mwezi uliopita alikuja yule daktari bingwa wa presha ya macho anayetutembelea mara moja kwa mwaka. Unajua jicho la kulia la Bibi lilishakufa. La kushoto ndilo alilokuwa akilibembeleza, akisema halina ruhusa ya kuzima kabla halijakuona ukirudi. Nilimleta mwenyewe, nikamkalisha kwenye benchi la watu wazima, nikaitwa maabara kupambana na taarifa batili zako. Huku nyuma karani akaandika umri wa Bibi, 102. Wekundu. Akafuta tarakimu ya mwisho, ikabaki 10. Fomu ikashukuru, ikampeleka Bibi yetu kwenye foleni ya watoto, upande wa pili wa jengo.

Nesi wa kule aliita jina lake asubuhi nzima, akadhani mtoto kesharudishwa nyumbani. Bibi naye kakaa benchini, kajipamba, anawatambia waliokaa karibu naye kwamba mashine ile imetengenezwa na mume wake. Niliporudi, chumba kimefungwa na daktari yuko njiani kwenda uwanja wa ndege. Nilipiga simu, nikalia, nikamtukana karani wa watu mbele ya wagonjwa. Haikusaidia kitu. Daktari wetu wa hapa alimpa matone, akasema tungoje. Jumatatu hii Bibi aliamka akaniuliza mbona sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Nina hasira na wewe, kaka, siifichi. Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, na sijamwambia mtu. Siku ile Bibi alisikia nesi akisema aliita sana, akaniuliza kama kweli walimwita. Nikamjibu kwamba walimwita. Si uongo, walimwita. Ila sikuthubutu kumwambia waliita wapi na kwa nini, maana ningelazimika kusema pia ni kazi ya nani, na yeye alikuwa ametoka kukusifia kwa benchi zima. Basi ameshikilia kwamba masikio yake ndiyo yaliyomponza. Kila anayekuja kumpa pole anaambiwa kwamba daktari aliita na yeye, kiziwi wa watu, hakusikia. Hata mimi ameniomba radhi, kwa kunipotezea siku ya kazi.

Jamani, siwezi tena kumsikiliza. Kile kisanduku usihangaike nacho. Nilimpata fundi mwingine, akakirekebisha kabla chai yake haijapoa. Wewe njoo umwambie Bibi kwamba masikio yake ni mazima. Mimi nimeshindwa.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Bibi naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba ukija uongee kwa sauti kubwa, kwa kuwa masikio yake siku hizi si ya kutegemewa.

Mimi mdogo wako,
Fundi Kosa