Nilimwandikia Kuwa Alichelewa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako ningali na nguvu ya kushika kalamu, maana daktari wa moyo hanifichi tena. Mimi ni mkunga mstaafu wa miaka sabini na tisa, serikali ilinileta Kibondo kutoka Tanga nikiwa kijana na sikurudi, na miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa zamu wodi ya wazazi, alikuja saa mbili asubuhi binti wa Kirundi, Claudine, uchungu umemshika, akakaa kwenye benchi kimya kama walivyofundwa kwao, kwamba mzazi anayepiga kelele anaaibisha nyumba, na mwenzangu aliponiuliza, "Dada, yule Mrundi umempima?" nikamjibu, "Hao ni wagumu, akilia nitamwendea," nikawapima waliokuja nyuma yake, na saa tisa alasiri nilipomgusa, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni, nami kwa hofu nikaandika katika kitabu cha wodi kwamba amefika saa nane mchana. Mama mkwe wake, Rosa, aliamini kitabu, na hadi leo humwambia, "Ulikuwa unazurura wapi na mjukuu wangu?" Claudine sasa ni raia na jirani yangu hapa Kitahana, huniletea maharage na kuniita mama, akidhani aliyeandika ni karani. Wiki iliyopita nilimsihi ampeleke kliniki binti yake Ernesta, mwenye mimba ya miezi saba, akasema, "Hapana, mama. Huko wanaandika wanachotaka. Nitamzalisha mwenyewe." Je, niseme, au nife nayo?

Mkunga, Kitahana

Shikamoo, bibi. Nakuheshimu kwa umri wako na kwa kuandika, ila sitakubembeleza. Uchungu wa Mrundi ni uchungu. Ulimpima kwa kabila, ukaiacha mikono yako iliyosomeshwa, kisha ukamtwika kosa lako. Ukifa nayo, Ernesta atajifungulia ndani ya uongo huo.

Kwa hiyo inuka wiki hii. Mwite Claudine, na Rosa awepo, maana yeye ndiye aliyeamini kitabu. Taja kwamba aliyeandika ni wewe, na saa aliyofika kweli. Iandike, tia sahihi, mpe akae nayo. Usimdai msamaha, akiondoka bila neno, vumilia. Akikubali, nenda naye na Ernesta kliniki, hata kwa kushikiliwa kwenye bodaboda, ukae mpaka binti apimwe kwa zamu yake. Wakunga vijana waambie ulichofanya, wasikirudie. Mkunga atakayempuuza Ernesta, mpelekeeni mganga mkuu wa wilaya jina lake.

Daktari amekupa muda gani, sijui. Ernesta amebakiza miezi miwili. Inatosha, bibi. Anza.