Alama Zile Nyekundu Nilizipaka Mimi

Kaka yangu Shabani,

Naanza na lile nililolikalia miezi saba, maana nikianza na salamu nitazunguka tena nisifike. Alama zile nyekundu nilizipaka mimi. Wewe hukupaka hata moja. Wanakijiji wanaamini ulipaka wewe, polisi wameandika hivyo, mama ameamini hivyo, na mimi nimekaa kimya kama sina ulimi. Barua hii naitoa hadharani, anayetaka na aisome, kwa sababu na uongo wenyewe ulisemwa hadharani.

Unaikumbuka nyumba yetu ya kwanza pale Misugusugu, kando ya barabara? Nilikuwa na miaka mitano, wewe kumi na sita. Watu walikuja asubuhi wakapiga X nyekundu ukutani, wakaondoka bila hata kumwamkia mama. Mama akachukua brashi ya kufulia na mafuta ya taa, akasugua ukuta mpaka vidole vikatoka damu. X ikafifia, haikutoka. Siku tingatinga lilipokuja ulisimama mlangoni ukakataa kutoka, na mgambo wakakushushia virungu mbele yangu. Mpaka leo naisikia sauti ya kirungu kwenye meno yako. Ulitema meno mawili kiganjani, ukaniambia nisilie, yataota mengine. Hayakuota. Hata ulipokuwa mtu mzima mwenye ndevu ulicheka umefunika mdomo kwa mkono.

Ukaenda kupanda minara ya televisheni huko kwenye vilima vya Kisarawe, miaka ishirini unaning'inia kwenye mkanda, mimi nasoma. Niliporudi injinia, nikapewa kuongoza majaribio ya mfumo mpya wa kujua mahali kwa kutumia minara ya televisheni, wa kwanza kumchukua alikuwa wewe. Nyumbani ukaanza kuniita bosi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yenyewe wewe ndiye uliyeweza kuwaeleza watu. Mimi nikianza habari za masafa na mawimbi, wanapiga miayo. Wewe ulisema hivi: kila mnara wa televisheni unatangaza saa, saa sahihi kabisa. Kipokezi ulichobeba mgongoni kinaisikia minara mitatu, na sauti ya ule ulio mbali inachelewa kidogo. Kwa kuchelewa huko kinajua umesimama wapi. Siku setilaiti zikivurugwa, meli na mitambo ya umeme itapata saa na mahali kutoka kwenye minara hii hii ya nyumbani. Watu waliitikia kwa vichwa, na mimi moyoni nikaona wivu kidogo.

Ili kujua kama kipokezi kinasema kweli, lazima kwanza upime sehemu kadhaa ardhini na kuziwekea alama. Ndilo lililotupeleka kile kijiji cha mikorosho, mbele ya Kisarawe. Mwenyekiti wa kijiji hatukumkuta, alikuwa amempeleka mkewe hospitali Tumbi. Ukasema tumsubiri, hawa watu hawatujui. Nikasema barua ya wilaya inatosha. Kisha nikatoa kopo la rangi ya kupuliza, na wewe ukalishika.

"Bosi, nyekundu hapana. Tutafute nyeupe."

Nikakujibu mbele ya dereva: "Hapa kazini mimi siyo mdogo wako. Nyekundu ndiyo inaonekana kwenye picha za angani."

Ukaliachia kopo. Ulifunika mdomo kwa mkono kama unapocheka, lakini hukucheka. Nikapaka mwenyewe, kwa hasira, kila mahali. Nilipaka vigingi, nikapaka magogo ya mikorosho, nikapaka kona ya msingi wa nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa shambani. Na nilipaka X, kaka, kwa sababu katikati ya X ndipo panapopimwa vizuri. Mimi, mtoto wa nyumba ile.

Kesho yake saa nne asubuhi wewe ulikuwa unatembea na kipokezi kwenye njia inayotokea barabarani, mimi na dereva tuko garini. Nilisikia filimbi, halafu sauti ya mwanamke inaita mwizi. Basi. Walitoka kila upande, panga, majembe, mawe. Kioo cha mbele kilipasuka kwa jiwe la kwanza, la pili likampata dereva kwenye paji la uso. Mama mmoja aliingiza mkono dirishani akashika mtandio wangu akaukaza shingoni, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, na hakuachia. Mwingine alikuwa anapiga mlango kwa shoka. Nilikuwa nakufa, Shabani, na nilijua kabisa ni kwa nini.

Ndipo nikakusikia. "Mwacheni huyo. Nimepaka mimi, nimepaka mimi!"

Waliniachia. Wote waligeuka, wakakukimbilia. Dereva, damu inamwingia machoni, alinitazama, nikajua anachouliza. Nikamwambia aondoe gari. Akasita. Nikampigia kelele aondoe.

Polisi walikukuta chini ya mkorosho wenye X. Waliokuosha hawakutaka kunieleza, nikawalazimisha. Mikono yote miwili ilivunjwa, kichwa kilipasuliwa kwa panga. Na rangi iliyobaki kwenye kopo, lililokuwa mkobani mwako, walikupulizia usoni. Walisugua wakasugua, shavuni ikagoma, ukazikwa nayo.

Nilitamani kijiji kile chote kiteketee na watu wake ndani. Kituoni nilipoonyeshwa mmoja wao nilimtemea mate, nikamrukia, wakanivuta kwa nguvu. Yule baba hakujifuta. Akasema kwa upole kwamba yeye ameshabomolewa nyumba mara mbili, na mara zote ilianza na rangi. Askari alipouliza nani alipaka, nikanyamaza, dereva naye akanifuata, na kwa kunyamaza kwangu wakakuandika wewe.

Unajua mama amefanya nini? Siku ya arobaini yako alijifungia chumbani. Watu wanasoma dua uani, yeye yuko ndani. Nilipomfuata aliniambia, "Shabani aliijua rangi ile kuliko mtu yeyote. Alipoteza meno kwa ajili yake. Leo anakwenda kuwapakia wenzake?" Kaburini kwako hajakanyaga. Amekulilia kama mtoto aliyeharibika, na mimi nilimpelekea chai, nikamshika bega, sikusema.

Wiki iliyopita wakubwa walikuja ofisini kwetu Kibaha kuonyeshwa mfumo unavyofanya kazi. Sikujua wenzangu wameandaa nini. Ukutani ikatokea ramani, na juu yake nukta, moja kwa kila sekunde. Ilikuwa safari yako. Kipokezi mgongoni mwako hakikuacha kuandika. Nukta zinashuka kuelekea barabarani, zimebakiza mita thelathini tu kufika. Hapo zinasimama sekunde nne. Halafu zinageuka, zinarudi moja kwa moja mpaka karibu na gari letu, zinakata kushoto kwa kasi, zinaingia kwenye mikorosho. Huko zinarundikana mahali pamoja. Mtu nyuma yangu akasema ni kipimo safi, kosa halifiki mita nne. Watu wakapiga makofi.

Niliing'oa projekta na waya zake nikaibamiza sakafuni, na kiti nikakivunjia mezani. Nimesimamishwa kazi. Sawa.

Miezi yote saba nilijidanganya kwamba ulinaswa tu, ukasema lile neno kwa kuchanganyikiwa. Kumbe ulikuwa umeshapona. Barabara ulikuwa unaiona.

Jana nilimpelekea mama karatasi ya zile nukta, nikamweleza yote, na rangi, na gari. Alinipiga kofi, akanipiga la pili, kisha akavua kandambili akanichapa nayo mpaka mkono ukachoka. Sikujikinga. Alipotulia aliichukua karatasi, akaweka kidole hapo ulipogeuka, akauliza kutoka hapo mpaka barabarani ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni kama kutoka uani kwetu mpaka kisimani. Hakukiondoa kidole.

"Kesho utanipeleka," akasema. "Utawaambia mwenyewe nani alipaka."

Nikamwambia mama, wale wanaweza kutuua.

"Mwenzio alirudi."

Basi ndiyo leo tunakwenda, kaka, mimi na yeye, bila polisi. Naogopa. Naambiwa X nyingine bado zipo kwenye magogo, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mama ameshatia brashi ya kufulia kwenye kapu, na chupa ya mafuta ya taa ameifunga kwa kitambaa isimwagike. Ameniambia atakayesugua ni mimi. Tukitoka huko salama, anataka nimlete kwako, mara yake ya kwanza.

Mungu akulaze pema. Safari hii usinyanyuke kunitetea.

Mdogo wako, siyo bosi wako,
Hawa