Protini Iliyofungiwa Nje

Jumatatu, 9 Oktoba 2023
Tumerudi kutoka Kigali. Msitu wote wa Nyungwe ni mvua tu. Njiani mume wangu alishindwa kufungua chupa ya maji. Nilipomfungulia akageukia dirishani, kana kwamba nimemkosea. Mutabazi! Fundi wa mashine za saruji, miaka kumi na saba kule Muganza!

Daktari alimchoma sindano za kupima umeme wa misuli, kisha akaniita pembeni. SLA, anasema. Seli za neva zinazotuma amri kwenye misuli zinakufa. Kwanza mkono, baadaye miguu, mwisho pumzi. Nikauliza sababu. Kwa wagonjwa wengi hatuijui, madame. Mpole sana. Upole wake ulinikera.

Sijalia bado. Nitalia nikipata nafasi kwenye oreri, ratiba yangu ya vipindi shuleni.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimesoma kwenye simu mpaka macho yamewasha. Miaka kumi na miwili nachora kiini cha seli ubaoni, pamoja na vitundu vyake. Watoto, andikeni! Protini hutengenezwa nje ya kiini. Ile yenye kazi ndani ina kipande mwilini mwake, ndiyo anwani. Importini huitambua anwani, huibeba, huipitisha tunduni, huishusha ndani na kurudi kubeba nyingine. Mtihani ukiisha wanasahau, na mimi pia.

Kumbe hapo ndipo mkono wa mume wangu unapopotelea. Protini yenyewe inaitwa TDP-43. Jina kama namba ya lori! Kwa mtu mwenye afya inakaa kiinini na kusimamia kazi. Kwa wagonjwa karibu wote wa SLA inaonekana nje ya kiini, imegandamana mabonge. Ndani hakuna msimamizi, nje kuna takataka. Seli inakufa.

Nimeelewa kila kitu. Haikunisaidia chochote.

Ijumaa, 13 Oktoba
Wifi Uwimbabazi amefika kutoka Nzahaha. Hata hajakaa, ugonjwa ameshaujua! Karuho, ile sumu ya polepole. Aliyeitia ni jirani yetu Mukandekezi, mjane, mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, nzuri kuliko zote hapa. Mutabazi aliinywa kwenye harusi ya mwezi wa saba.

Nikamwambia tulikunywa watu mia mbili, mimi mwenyewe vikombe vitatu. Wifi akasema karuho inajua muntu yake. Haya. Sumu ina akili kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa nne.

Jumamosi, 14 Oktoba
Nilienda kusahihisha mitihani. Kurudi, nyumba tupu! Wifi alikuwa amempeleka Mutabazi kwa Karangwa, yule mganga wa kutapisha sumu. Kanywesha, katapisha, kaonyesha beseni. Jino la mamba, eti!

Nimelitazama hilo jino. Kichwa cha sambaza, dagaa wa ziwani. Sambaza niliowakaanga mimi, jana usiku.

Mutabazi amelegea kwa kutapishwa, hawezi kuketi bila mto. Nilimuuliza kwa nini alikubali. Akasema: "Yeye aliniambia nitapona. Wewe hujaniambia."

Nimefunga daftari, nimefungua tena.

Jumapili, 15 Oktoba
Baada ya misa ukoo mzima ulikuja kuamua habari ya Mukandekezi. Wanataka ahame. Nikasimama. Nikafundisha! Nikageuza sufuria ikawa kiini, maharage yakawa protini, kijiko kikawa importini. Nikaeleza jinsi protini ya Mutabazi ilivyobaki nje ya nyumba yake, ikagandamana. Hakuna sumu, nikasema. Ni mwili wenyewe umekosea njia.

Hata wazee walisogeza viti. Nilijiona profesa, Mungu anisamehe.

Wifi akanyanyua harage moja, akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Maman Bella, na huyu protini, ni nani alimufungia inje?"

Nikafungua mdomo. Ukweli ni kwamba hatujui. Nikasema hivyo hivyo: hatujui.

"Njo vile. Siye tunajua."

Jumanne, 17 Oktoba
Sokoni. Dative, yule wa kisiwani Nkombo anayeniuzia sambaza, alinishika mkono. Pole sana, maman. Kumbe hata hospitali imeona! "Banasema kuko kintu kinagandamana ndani ya mwili yake. Ata wewe mwalimu ulikubali mbele ya batu."

Maneno yangu! Harage kwa harage! Miaka kumi na miwili nafundisha, na hili ndilo somo la kwanza kueleweka mtaa mzima.

Kasiksi ya Mukandekezi hainunuliwi tena. Jana jioni mlango wake ulipigwa mawe. Ukoo umempa mpaka Jumapili awe ameondoka. Nilipita kwake nimuombe msamaha, nikagonga mara moja, polepole, nikaondoka haraka. Mwoga mwenye diploma.

Alhamisi, 19 Oktoba
Saa kumi. Mukandekezi yuko uani kwetu. Kaja mwenyewe na jagi la kasiksi. Wifi yupo, majirani wako juu ya ua kama kuku.

Hakusalimia mtu. Akamimina. Hapa kwetu anayeleta pombe huonja kwanza, anayepewa aone haina sumu. Yeye hakuonja – alikunywa nusu kikombe, kichwa nyuma. Kisha akamsogelea Mutabazi.

"Papa Bella, kunywa. Kama niko mulozi, batu baone leo."

Mutabazi akanyoosha mkono. Mkono ukafika katikati, ukarudi. Mukandekezi akakileta kikombe mpaka mdomoni kwake. Mutabazi hakumtazama yeye, wala dada yake. Alinitazama mimi.

"Mwalimu. Ninywe?"

Kila mtu akanigeukia. Neno moja tu, ndiyo, na mawe yanaisha. Mimi ninayejua importini, mimi niliyelicheka jino la mamba – nilikuwa natazama koo la Mukandekezi. Kama kweli alimeza.

Yeye aliona naangalia wapi.

Nikasema: ngojeni, nilete mrija, atakunywa vizuri zaidi.

Nimeingia ndani. Mrija ninao. Uko hapa mezani, kando ya daftari. Mukandekezi bado ameshika kikombe, namwona dirishani, mkono wake umeanza kuchoka. Wananiita mara ya pili.