Mfyulisi Ulioomba Mti

Jumanne, 4 Rajabu
Darasa asubuhi. Ngeli za majina tena, wanafunzi hawajazishika. Adhuhuri nilikagua mfyulisi. Utomvu unachuruzika shinani, na chini yake pana unga kama wa msumeno. Matunda manne yameanguka mabichi. Nina hofu. Mke wangu aliupanda mti huu mwaka tulipomzika binti yetu, kwa kokwa iliyoletwa na mpagazi wa Wadachi kutoka milimani. Hauna mwenzake Rumonge nzima.

Alhamisi, 6 Rajabu
Bibi Nahimana wa Kigwena alileta mawese. Ni mjane, mlimaji wa michikichi. Aligonga shina la mfyulisi kwa kidole, akasema: "Mwalimu, muti huyu iko inaomba muti." Katika maneno matano sikupata hata moja lililo sahihi. Niliyasahihisha yote. Alicheka, akaenda zake.

Ijumaa, 7 Rajabu
Baada ya sala nilifikiri upya. Mti unaomba mti, yaani nguzo. Nilikata gongo imara, nikaliegemeza shinani, nikalifunga kwa kamba. Kazi nzuri.

Jumatatu, 10 Rajabu
Matunda sita zaidi chini. Nilipasua moja: funza mpaka kwenye kokwa. Tawi la mashariki limekauka majani. Mke wangu hakula. Anakaa mlangoni, anautazama mti. Nguzo haikufaa kitu.

Jumatano, 12 Rajabu
Sokoni mvuvi mwenye homa alimwomba mganga "umuti". Ni Kirundi. Dawa! Miaka yote hii nafundisha watu lugha katika pwani hii, na neno la mgonjwa sikulijua. Niliona haya. Nilikwenda Kigwena kwa miguu saa ileile, nikamwomba radhi Bibi Nahimana.

Alhamisi, 13 Rajabu
Bibi Nahimana alifika mapema. Alipoiona nguzo alipiga makofi. "Ee Mwalimu! Huyu haiko kilema. Nani alimupa mukongojo?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilistahili.

Kisha kazi. Sijaona mkono hodari kama ule. Aliomba ubavu mmoja wa mwavuli wangu, akaupinda ncha. Alitafuta tundu bichi, akaingiza waya taratibu, macho ameyafumba, akavuta. Buu jeupe, nene, kichwa cha kahawia. Alitoa saba, wala hakujeruhi gome lisilougua. Alikamulia matunduni maji ya tumbaku, akaziba kwa udongo wa wafinyanzi. Matunda yaliyoanguka aliyafukia kina cha mkono, nzi wake wasirudi. Njia za mabuu zilikuwa laini, zimepinda kwa ustadi kama hati nzuri. Mwanamke huyu alizisoma gizani, ndani ya mti. Huko ndiko kusoma.

Jumatatu, 24 Rajabu
Alirudi bila kuitwa. Alichungulia kila tundu. "Bado," alisema, akaziba moja upya. Nilimshikia udongo. Sikuwa na la kufundisha.

Jumapili, 14 Shaabani
Majani mapya. Tunda moja tu lilibaki mtini, nalo limeiva. Mke wangu alimwita Bibi Nahimana, akalikata mafungu matatu. Tulikula. Kokwa haikuwa na tundu. Nilinyoosha mkono niichukue, niihifadhi. Mke wangu alitangulia. Alimpa mgeni. "Ipande kwako, mama."

Bibi Nahimana aliipangusa, akaifunga kwenye pindo la nguo yake.