Miguu Yangu Iliacha Kuwaka Moto

Mpendwa mshauri, mimi ni fundi cherehani wa miaka sitini na mitatu, naomba unisikilize maana sina mwingine wa kumwambia. Wiki iliyopita niliona doa la damu kwenye shati jeupe la mteja lililoanguka chini, nikakagua vidole vyangu vyote kumi nikavikuta vizima, nikafuata matone sakafuni hadi kwenye kiatu changu mwenyewe, kumbe natembea na pini imezama kwenye unyayo, tangu lini sijui, wala sikusikia kitu. Nina sukari miaka tisa sasa, zamani miguu ilikuwa ikiwaka moto mpaka silali, mwaka jana ikatulia yenyewe, nikajua nimepona, nikaacha dawa. Kidonda hakiumi lakini kinanuka, jana mteja alisogeza kiti nyuma. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akiniambia kila jioni, "Lete mguu huo niuone," na tangu aondoke hakuna aliyeutazama, mimi kuinama siwezi na macho yana ukungu. Binti yetu hupiga simu kila Ijumaa, namwambia sijambo, maana akijua atafunga duka langu anichukue kwake, nami bila wateja nitaongea na nani mchana kutwa? Nisubiri kikauke?

Fundi Mpweke

MSHAURI ANAJIBU

Baba fundi, shikamoo. Nikishakuamkia, niruhusu nikugombeze. Hukupona. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Moto ulikoma kwa sababu mishipa hiyo imekufa ganzi. Sukari huharibu pia mishipa ya damu, ndiyo maana kidonda hakipati damu ya kukiponya, na vijidudu vinajilia raha mustarehe. Huo ukungu wa macho huenda ni kazi ya sukari hiyo hiyo, na figo nazo zipimwe.

Weka gazeti hili chini, nenda hospitali leo hii, uvue kiatu mbele ya daktari na useme kidonda kinanuka. Usikiloweke kwenye maji ya moto, utajiunguza bila kujua. Dawa wakupangie upya, usijikisie. Ukirudi, kile kioo wateja wanachojitazamia kilaze sakafuni utazame nyayo kila siku, na kung'uta viatu kabla ya kuvaa, wewe na pini zako.

Kuhusu binti, mguu ukikatwa duka litajifunga lenyewe. Mwambie unataka kubaki na cherehani yako, mtapatana. Pole sana kwa kumpoteza mama, baba yangu. Najua si mguu tu uliokosa wa kuutazama. Mpigie binti wewe leo, usingoje Ijumaa, na akikuuliza hali, usiseme sijambo.