Kiganja cha Robi

Mtaa wa Sofia,
Homa Bay.
16 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Helen,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Nanyuki? Kaka Elkana alipotoka kukuona aliniambia sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nilifurahi, kweli. Sisi watatu tu wazima. Mkweo Ryoba aliungua kidole wiki jana, lakini kwa fundi wa kuchomelea milango hilo ni kama mkulima kushika udongo. Robi amefikisha miaka miwili na miezi saba, kilo kumi na tatu na nusu, meno kumi na tisa. Nimeyahesabu kwa sababu najua utauliza.

Nimeshika kalamu badala ya simu kwa kuwa kwenye simu huwa unanikata katikati, na safari hii nataka nimalize.

Unakumbuka Jumatatu ya Pasaka pale Isebania, siku ya kutuaga. Ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema, "Nyakerario, lugha ya huko hamjui, shamba hamna, ndugu hamna. Desemba ikifika na bado mnayumba, mtoto aje kwangu." Wakaitikia wote, hata waliokuwa wanatafuna. Kutupatia hata sufuria hakuna aliyekumbuka. Mwezi wa tano ukanunua na kitanda cha mtoto. Sikukujibu kwa sababu wewe ndiye uliyenilea, lakini liliniuma, Shangazi, na mpaka leo linauma.

Liliniuma zaidi kwa kuwa nilikuwa naogopa. Robi aliondoka kwetu akisema maneno kumi na mawili ya Kikuria. Tulipofika hapa, akanyamaza. Wiki sita, hata jina langu hakuita. Nawe ukawapigia watu simu kwamba mji umemfunga mtoto ulimi.

Biashara nayo ilikuwa imelala. Nilileta magunia matatu ya wimbi. Gunia moja ni gorogoro arobaini na tano, kwa hivyo yote ni mia moja thelathini na tano. Nilipanga kumaliza kwa siku ishirini. Wiki ya kwanza niliuza kumi na moja! Na wimbi lenyewe safi, halina mchanga. Nilipima kama ulivyonifundisha: mkebe wa gorogoro ujae, kijiti kipite juu, kila mtu apate sawa na mwenzake. Mteja akinyoosha mkono na kusema "Meda," yaani niongezee, jibu langu lilikuwa moja: kipimo kimejaa. Wakaenda zao wakisonya.

Mama Filister, jirani yangu sokoni anayeuza dagaa wa omena, alinivumilia majuma mawili halafu akanipasulia.

"Mama Robi, hicho kijiti ni cha kupima ama cha kuchapa watu?"

"Ni haki. Kila mtu sawa."

"Haki peleka kotini. Hapa mtu lazima aone umemwongezea, hata kidogo. Si tumbo linataka, ni roho."

Nikampigia hesabu: ukijaza mpaka kilele kisimame, katika kila gorogoro saba umegawa moja bure. Akacheka mpaka omena zikamwagika. "Basi kaa na hesabu yako. Nayo ije inunue."

Nilikaa nayo. Majuma yakapita, mpaka siku moja akaja mama mmoja kutoka Lambwe, na kikapu chake kichwani. Nikampimia, nikapitisha kijiti. Akasema, "Meda." Kabla sijajibu, Robi akateremka kwenye gunia alipokuwa amekaa, akachota wimbi kwa kiganja chake, akalimwaga juu ya mkebe niliokwisha kusawazisha. Akamtazama yule mama machoni, akasema kwa sauti ya kuamuru, "Meda!"

Wiki sita za kimya, na neno la kwanza likawa hilo. Tena la Dholuo, tena mahali pake.

"Wewe mama," yule mteja akaniambia, "huyu mtoto akufundishe kazi!" Soko lote likaangua kicheko. Mimi nililia. Usimwambie Elkana.

Jumapili baada ya kanisa nikamkalisha Robi chini na mkebe mtupu, nikapima. Ili gorogoro moja ijae, anachota mara mia moja na nne. Yaani ninawaongezea wateja mia moja na wanne, na kilichotoka ni mkebe mmoja tu, wakati wenzangu wanatoa mmoja katika kila saba! Kijiti chako sikukitupa. Kinapita kama kawaida, halafu juu yake kinakuja kiganja cha Robi. Akilala saa sita mimi huongeza kwa kijiko, lakini wapo wanaokikataa kijiko, wanasema watarudi akiamka.

Wiki iliyopita niliuza gorogoro mia mbili na kumi na mbili. Siku hizi watu hawasemi kwa Mkuria, wanasema kwa Nyathi, kwa mtoto. Kamati ya soko imenitoa chini nilipokuwa natandika gunia na kunipa meza ya kudumu, namba kumi na saba. Ryoba amemchomelea bintiye kijukwaa cha vidaraja viwili, afikie mkebe.

Na ule ulimi uliofungwa? Ninaandika kwenye daftari. Leo ana maneno tisini na moja: Dholuo arobaini na manne, Kikuria ishirini na tisa, Kiswahili kumi na manane.

Kwa hivyo, Shangazi, Desemba Robi haji kukaa kwako. Kitanda usikiuze. Tutakuja wote watatu tarehe ishirini na saba, kwa siku nne, naye atalala humo. Kisha tutarudi naye nyumbani, na nyumbani ni hapa. Ninaomba moja tu: wale uliowapigia simu, wapigie tena. Walikuwa tisa.

Msalimie Elkana na shemeji Liz. Mzee Mirumbe mwambie tumbaku yake ninayo, nitaileta mwenyewe.

Nimekutumia gorogoro moja ya wimbi, nimeipitishia kijiti, hutapata punje ya ziada. Ila kwenye pembe ya leso niliyolifungia kuna fundo dogo. Hicho ni kiganja cha Robi mwenyewe, alikichota alipolisikia jina lako. Usikimwage kwenye uji kabla hujakiweka mkononi ukaona kilivyo kidogo.

Mungu aliyetupa pa kukaa akupe goti jipya na miaka mingi ya kulitumia.

Wako akupendaye, ingawa bado amenuna kidogo,
Nyakerario